Chama cha siri gani hiki kinachojitangaza mlingotini?

Katika steji moja ya matatu mjini Ruiru, kando ya Barabara Kuu ya Thika, upo mlingoti wa stima ambao kwa miaka mingi umekuwa ubao wa matangazo wa wale wasio na fedha za kulipia ubao. Hapo hutangazwa vyumba vya kupanga, masomo ya udereva, dawa za panya na waganga wanaorudisha wapenzi waliopotea. Asubuhi moja, nikingoja gari la kwenda Thika ambako hufundisha isimu, niliona karatasi mpya iliyopigwa chapa kwa wino mwekundu. Ilisema hivi: "Jiunge na chama ya matajiri. Jiunge na Illuminati upate mali, umaarufu na ulinzi. Bila kafara." Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Nakiri, msomaji, kwamba sikushtushwa na Illuminati. Nilishtushwa na "chama ya". Mwalimu wa lugha ana maradhi yake, na haya ndiyo yangu. Nilitoa kalamu mfukoni, nikaifuta "ya", nikaandika "cha" juu yake, gari likaja nikapanda, huku nikijiona nimeitendea lugha ya taifa wema mdogo. Majuma matatu hivi yalipopita, karatasi ile ilibandikwa upya. Safari hii ilisema "chama cha matajiri".

Huenda ilikuwa sadfa tu. Huenda mpiga chapa alizinduka mwenyewe. Hata hivyo, tangu siku ile sijakaa kwa raha, na sababu za kukosa raha huko ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Ndani ya matatu, karatasi hizi ni kichekesho. Abiria huulizana kama matajiri hao wa dunia nzima wamekosa hata fedha za kununua gundi nzuri, maana mvua ikinyesha chama chote hudondoka. Utingo mmoja nilimsikia akisema kwamba angependa kujiunga, lakini anaogopa kuwa mkutano mkuu utafanyika usiku na nauli ya usiku ni ghali. Sote tulicheka, nami nilicheka. Kwani ni chama cha siri gani hiki kinachobandikwa kati ya chumba cha kupanga na dawa ya panya? Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki hakikutosheka na kutembea, kimepanda mlingoti.

Hebu kwanza tuyaweke mambo mahali pake. Illuminati ya kweli ilianzishwa tarehe 1 Mei 1776 katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, na Adam Weishaupt, mwalimu wa sheria katika chuo kikuu cha Ingolstadt. Mtawala wa Bavaria alikipiga marufuku chama hicho kwa amri za mwaka 1784 na 1785, kabla hakijatimiza hata miaka 10. Chama hicho hakikuacha ofisi Ruiru. Freemason nao ni kundi tofauti kabisa. Baraza lao kuu la kwanza liliundwa London mwaka 1717, nao wapo Afrika Mashariki hadi leo. Jijini Nairobi jumba lao linajulikana, na anayepita barabarani huliona. Nchini Tanzania kiongozi wao wa miaka mingi, Sir Andy Chande aliyefariki mwaka 2017, alikuwa mtu mashuhuri katika biashara na hata alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 2005. Tena desturi yao ya zamani ni kwamba mtu hatafutwi: anayetaka kuingia huomba mwenyewe kwa mwanachama. Mtu anaweza kuwapenda au kuwachukia watu hao, hilo ni juu yake, lakini si wao wanaobandika karatasi za wino mwekundu kwenye mlingoti wa stima.

Basi nani aliyewapa matapeli jina hili zuri la kufanyia biashara? Nachelea kusema kwamba ni sisi wenyewe. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake ilipofikishwa bungeni mwaka 1999, nchi nzima ilikuwa imekwisha kuzoea kuamini kwamba nyuma ya kila gari jipya pana nyoka, na nyuma ya kila ajali pana kafara. Tangu wakati huo, mimbarini, redioni na vibarazani, tumekuwa tukiwaambia vijana kwamba vipo vyama vya siri vinavyogawa mali kwa uwezo wa Shetani. Tulikusudia kuwatisha. Hatukutambua kwamba sentensi hiyo ina sehemu mbili, na kwamba mtu mwenye njaa husikia ya kwanza peke yake. Mhubiri anayesema Illuminati huwatajirisha wafuasi wake amemfanyia tapeli nusu ya kazi. Iliyobaki ni namba ya simu.

Wala Wakenya si wageni wa mambo ya siri. Kiswahili chenyewe chaonyesha jinsi tunavyoyaelewa: kiapo huliwa, yamini huliwa, njama huliwa. Mambo hayo huingizwa mwilini kama chakula, yakabaki humo. Wazee wa sehemu hizi za Thika na Murang'a walikula kiapo cha umoja, na serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa mwezi Julai, watu walisafirishwa kwa malori hadi Gatundu, mwendo mfupi kutoka hapa Thika, wakalishwa kiapo kingine. Safari hiyo iliitwa kwenda kunywa chai. Sijui kama lipo neno katika historia ya nchi hii lililofunikwa vizuri kuliko chai hiyo. Miaka ya baadaye likaja kundi la Mungiki, ambalo jina lake hutokana na neno la Kikuyu lenye maana ya umma au watu wengi, nalo likapigwa marufuku mwaka 2002 pamoja na makundi mengine.

Sifanyi mambo hayo kuwa sawa. Kiapo cha kudai ardhi si kiapo cha kulinda kiti, na wala hivyo viwili si sawa na kundi linalotoza watu kodi kwa panga. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba katika yote hayo mwito ulipita kwa mdomo, kutoka kwa mtu hadi kwa mtu anayemjua: jirani, shemeji, mtu wa rika lako. Aliyekuita ulimjua kwa uso na kwa jina la babaye. Mwito wa mlingotini hauna uso. Hauna ila namba.

Sasa niruhusiwe kufanya kazi niliyosomea. Neno la kwanza la karatasi ni "jiunge". Kitenzi chake ni kuunga. Seremala huunga mbao, mpishi huunga mchuzi, tabibu huunga mfupa. Tukitaka kusema kwamba watu wanatendeana jambo hilo, tunatia kiambishi -an-, tunapata kuungana: mimi nakuunga, wewe waniunga. Karatasi yetu haisemi tuungane. Inasema jiunge, na kiambishi -ji- humfanya mtu mmoja awe mtenda na mtendwa. Wewe ndiwe utakayeunga, wewe ndiwe utakayeungwa. Aliyeiandika karatasi hamo katika kitenzi. Najua kwamba vyama halali pia hutumia neno hilo, kuanzia makanisa hadi vyama vya akiba na mikopo, na neno lenyewe halina hatia. Tofauti ni kwamba vyama hivyo vina mlango, na nyuma ya mlango pana mtu. Hapa hakuna ila -ji-, na siku mambo yatakapoharibika, -ji- hiyo hiyo ndiyo itakayomnyamazisha kijana, kwani atasema moyoni: nilijiunga mwenyewe.

Neno la pili ni "upate". Karatasi haisemi utapata. Kiambishi -ta- kingelikuwa ahadi ya wakati ujao. Kitenzi kinachoishia kwa -e hakiahidi tukio lolote, bali chaeleza nia na tamaa tu. Jiunge upate maana yake ni jiunge kwa matumaini. Mtu anayeandika hivyo, ajue asijue, ameacha mlango wa nyuma wazi. Wanasheria watasema kwamba hata angeandika utapata asingekuwa na wasiwasi mwingi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 312, huutaja udanganyifu kuwa ni uongo juu ya jambo lililopita au lililopo. Uongo juu ya kesho haumo katika kifungu hicho. Kwa hiyo karatasi ile yauza kesho tupu.

Neno la tatu ni "bila kafara". Msomaji afikirie duka la nyama lenye bango kubwa: Hapa hatuuzi nyama ya punda. Nani atakayeingia humo? Anayekana jambo ambalo hajaulizwa amekwisha kulileta sebuleni. Kafara ni neno lililotujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu kitolewacho ili kufuta dhambi, na katika Kiswahili likawa sadaka ya kuondoa balaa. Katika vinywa vya leo limegeuka, limekuwa damu ya ndugu inayotolewa ili kuleta mali. Tangazo linakana damu, lakini bila hofu ya damu hakuna anayeweza kusadiki kwamba chama ni cha kweli. Hofu hiyo imewekwa akiba, na tutaona inavyotumiwa baadaye.

Neno la nne, na ndilo zito kuliko yote, ni "chama". Katika miji yetu neno hili halimaanishi siasa peke yake. Ukimwambia mama wa Ruiru kwamba unakwenda chamani, ataelewa kwamba ni kikundi cha watu 10 au 20 wanaochanga fedha kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu. Daftari lao liko wazi, kila jina limeandikwa, na mkutano hufanyika nyumbani kwa mmoja wao, chai ikiwa chai kweli. Chama hicho hakina siri hata moja. Nguvu yake yote ni kwamba kila mtu anajua nani amelipa na nani hajalipa. Mwenye karatasi amelichukua neno lililojengwa kwa uaminifu wa akina mama hawa, akalitundika mlingotini.

Na kwa nini Ruiru, kwa nini Thika? Mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858 katika hesabu ya mwaka 2009. Mwaka 2019 walihesabiwa 490,120, zaidi ya maradufu katika miaka 10. Barabara ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, ghorofa zikaota, na maelfu ya watu wakaja kupanga vyumba wasikomjua jirani. Hapo yupo kibarua wa machimbo ya mawe, yupo mlinzi wa usiku, yupo mwanafunzi. Kila mmoja ametumwa na watu wa nyumbani alete kitu. Karatasi inayosema "jiunge" haizungumzi na tamaa yake peke yake. Inazungumza na upweke wake pia. Anaahidiwa mali, naam, lakini pia anaahidiwa watu.

Mmoja wa watu hao alikuja ofisini kwangu muhula uliopita. Ni kijana wa mwaka wa pili, mwenye adabu, ambaye alikuwa amekosa mitihani miwili. Nilimuuliza kama ni mgonjwa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwalimu, nimekula karo." Aliitumia namba ya mlingotini shilingi 2,500 za usajili. Siku iliyofuata aliambiwa atume 6,000 za joho na pete. Kisha 9,000 za kibali cha kuingiza nchini fedha zake, ambazo zilikuwa zimekwama uwanja wa ndege. Alipositasita, sauti iliyokuwa ya upole ikabadilika. Aliambiwa kwamba amekwisha kuingia, jina lake limekwisha kuandikwa, na akirudi nyuma mama yake hatafika mwisho wa mwezi. Hapo kafara iliyokuwa imekanwa ikatolewa akibani. Alituma zile 9,000. Jumla ni shilingi 17,500, na fedha hizo mama yake alikuwa amezikopa chamani.

Nilimuuliza swali ambalo sote huuliza, nalo ni swali lisilo na huruma. "Kijana wangu, wewe ni msomi. Uliamini nini hasa?" Akanijibu bila kuniangalia, "Mwalimu, Kiswahili chao kilikuwa sanifu. Nilidhani matapeli hawajui kuandika."

Sikumwambia habari za kalamu yangu. Namwambia leo.

Sisi walimu wa lugha tumewafundisha watoto wa nchi hii, tangu shule ya msingi, kwamba lugha sanifu ni dalili ya akili, na akili ni dalili ya uaminifu. Hatukuyasema hayo kwa maneno. Tuliyasema kwa kalamu nyekundu. Anayekosea ngeli alichekwa, anayepatia alipigiwa makofi, na hakuna aliyeuliza kama aliyepatia alikuwa anasema kweli. Tumetahini upatanisho wa kisarufi miaka nenda miaka rudi, lakini ni mara ngapi tumempa mwanafunzi tangazo la mlingotini na kumwambia: nionyeshe anayesema ni nani, anamwambia nani, na kitu gani hakikusemwa? Sarufi isiyojibu maswali hayo ni kama kisu kilichonolewa na kuachwa mezani. Yeyote apitaye atakichukua.

Liko jambo jingine nililojifunza kwa kijana huyu. Nilipomshauri aende polisi alikataa kata kata. Hakuogopa Illuminati tena, aliogopa aibu. Angeandikisha nini? Kwamba alitaka kujiunga na chama cha Shetani, na chama kikamdhulumu? Kanisani kwao angetengwa, kijijini angepewa jina, na mama yake angeulizwa na wenzake wa chama mtoto alikuwa akitafuta nini. Hapo ndipo nilipoelewa siri ya chama hiki cha siri. Wenye chama hawana siri yoyote, wametundika namba yao njiani. Siri yote imekabidhiwa kwa aliyedhulumiwa, naye huitunza kwa uaminifu ambao hakuna kiapo kingeweza kuupata. Biashara hii haisimami juu ya uchawi. Inasimama juu ya haya ya watu waungwana.

Kwa hivyo, sisi tunaocheka ndani ya matatu ni washiriki. Kila kicheko humfundisha kijana aliyekaa kiti cha nyuma kwamba asiseme kamwe.

Nina mambo matatu ya kupendekeza. La kwanza ni kwa polisi na kampuni za simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha huacha alama kila zipitapo, na kwa mujibu wa sheria kila namba ya simu yapaswa kusajiliwa kwa jina la mtu. Namba iliyobandikwa hadharani si fumbo la kuhitaji tume. La pili ni kwa waliodhulumiwa. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu chatoa kifungo cha hadi miaka mitatu kwa anayejipatia mali kwa hila. Unapokwenda kuripoti, usianze na ahadi ya utajiri, kwani hiyo ni kesho. Eleza ulichoambiwa kuwa kipo: kwamba mpo chama, kwamba pana fedha zilizokwama, kwamba ada yaenda kwa usajili. Hayo ni maneno ya wakati uliopo, na ni uongo. Nenda ukiwa na ujumbe wote wa simu, wala usifute hata mmoja kwa ajili ya haya.

La tatu ni kwetu walimu, na hili nimelianza mwenyewe. Mwezi uliopita nilikuta karatasi nyingine kwenye mlingoti ule ule. Nilitoa kalamu kwa mazoea, kisha nikairudisha mfukoni. Niliibandua karatasi, nikaenda nayo darasani Thika, nikawaambia wanafunzi waichambue neno kwa neno. Walifanya kazi nzuri kuliko niliyofanya mimi hapa. Walicheka sana, hasa walipofika kwenye kafara. Nikauliza kama yupo miongoni mwao aliyewahi kuipigia simu namba kama hiyo. Hakuna aliyeinua mkono.

Kengele ilipolia walitoka kwa kelele kama kawaida yao. Watatu walibaki vitini, kila mmoja akisubiri wenzake waende kwanza. Nilifunga mlango, nikawaomba wasogee karibu, tukazungumza.